Tulivyosafiri taratibu hadi Ziwa Nyasa, mama akafungua siri ya vidonge

Kwa miaka minne sasa kazi yangu ni kuandika habari za afya. Katika miaka hiyo sidhani kama kuna ugonjwa nilioandika mara nyingi kuliko presha. Nimewahoji madaktari, nimekaa kliniki na wagonjwa, nimewaambia wasomaji wasiache dawa hata wakijisikia vizuri.

Lakini ilinichukua safari ya siku nne katika milima ya Rungwe na ufukwe wa Ziwa Nyasa kugundua kuwa mama yangu mzazi alikuwa akiruka dawa zake za presha karibu kila wiki. Tena alikuwa na sababu, na sababu yenyewe sikuwahi kuiandika hata siku moja.

Naomba nikusimulie safari hiyo, msomaji. Kwanza kwa kuwa njia ile ni nzuri na kila mwenye mzazi anayeweza kusafiri angefurahi kumpitisha. Pili kwa sababu ya hicho alichoniambia mama.

Deni la tangu 1979

Mama ni mwalimu mstaafu na anaishi Morogoro. Mimi ni kitinda mimba wake, nafanya kazi Dar es Salaam. Alipokuwa binti wa miaka ishirini alipangiwa kufundisha shule moja ya msingi wilayani Rungwe. Ilikuwa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, kuanza, na walimu walihitajika kila kona ya nchi.

Tukiwa wadogo alitusimulia habari za huko mpaka tukazikariri. Mvua isiyokata. Ndizi za kila aina. Baridi ya kuvaa sweta mbili. Na ziwa, ambalo walimu wenzake walikuwa wakimwambia liko "hapo chini tu," lakini hakuwahi kulifikia. Alikuwa apande lori na wenzake kwenda Matema mwishoni mwa juma fulani mwaka 1979, safari ikashindikana. Kwa nini ilishindikana, hakuwahi kutuambia.

Mwaka huu nilipopata likizo mwezi Julai nilimpigia simu. "Mama, twende ukalione lile ziwa lako." Alicheka, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Tutakwenda na nini?" Nilidhani anaulizia nauli. Sasa najua alikuwa anaulizia kitu kingine.

Kutoka Morogoro hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 600, na tulizimaliza kwa basi siku moja. Njia nzima mama hakunywa maji. Nilimpa chupa tulipopita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, akasema hana kiu. Nikampa tena Mafinga, akaipokea na kuiweka mapajani bila kuifungua. Nilimwona, nikaandika hata ujumbe kwa dada yangu kuwa mama mgumu kama zamani. Mwandishi wa afya mzima, sikuunganisha mambo.

Dereva asiye na haraka

Mbeya tulifikia kwa ndugu, na ndiye aliyetutafutia dereva mwenyeji wa Tukuyu ambaye pia huongoza wageni. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye gari dogo safi na kofia ya sufu. Mimi nilimwita Anko, mama akamwita mwanangu, naye akamwita mama.

Nilimpa ratiba niliyoiandika kwenye simu: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Tukuyu na Matema, yote kwa siku mbili. Aliisoma, akanirudishia simu.

"Hii ratiba ni ya mtu anayekimbizwa," alisema. "Kwa mama tutachukua siku nne. Kila saa moja au saa moja na nusu nitasimama. Anayetaka kushuka atashuka, asiyetaka atabaki."

Mama aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma alisema, "Huyo ndiye dereva."

Kwa hiyo Jumatano saa mbili asubuhi tuliondoka Mbeya. Mji huo uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai ni mwezi wa kupuliza vidole. Pale Uyole tuliacha barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam tukakunja kulia, barabara inayokwenda mpaka Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi. Kutoka hapo gari hupanda safu ya Uporoto hadi zaidi ya mita 2,000. Pande zote ni mashamba ya viazi mviringo yaliyolimwa mpaka vilele vya vilima, na wanawake wenye khanga juu ya masweta wamepanga viazi kwenye ndoo kando ya lami.

Pale Isyonje kuna njia panda ya kwenda Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Anko alisimama, akatuambia maua huchanua vizuri wakati wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo tusimlaumu mtu tukikuta majani matupu. Hatukuingia. Mama alishuka, akatembea kidogo, akauliza choo kiko wapi. Anko akamwonyesha kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chai. Tulikunywa chai ya maziwa hapo, tukaondoka.

Ngozi kwa wenye magoti

Ziwa Ngozi liko msituni, ndani ya shimo kubwa la volkano, na njia yake inaanzia kijiji cha Isongole. Waongozaji husema ni la pili kwa ukubwa Afrika miongoni mwa maziwa ya aina hiyo. Sehemu ya mwisho ni ya miguu, kupanda kwa kushika mizizi na mianzi, na kama mvua imenyesha utelezi wake si wa kuuliza.

Mama aliangalia kilima, akaangalia magoti yake. "Nendeni, mimi nitakaa na wenzangu hapa." Wenzake ni wanawake wa viazi aliowajua kwa dakika kumi tu.

Nilipanda na kijana wa kijijini anayeongoza wageni. Nilihema njia nzima, nikajionea aibu, kwa maana wiki mbili kabla niliandika makala ya mazoezi. Ukifika ukingoni unatokeza ghafla kwenye uwazi, na ziwa liko chini yako mbali, la kijani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Hakuna mto unaoonekana ukitoka. Hakuna boti, hakuna nyumba. Nilikaa pale nusu saa na sikupiga picha nyingi.

Niliporudi Isongole nilimkuta mama ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anamenya viazi na wenyeji wake, na wote wanacheka. Alikuwa amekumbuka salamu ya Kinyakyusa baada ya miaka zaidi ya arobaini. "Ugonile!" aliniambia, nami sikujua kujibu. Wale mama wakacheka zaidi.

Alasiri tulisimama Daraja la Mungu. Hapo mto Kiwira unapita chini ya mwamba uliojikunja kama tao. Zamani lava ya volkano ilitiririka hapa ikapoa, maji yakatafuta njia chini yake. Watu husimama juu ya mwamba huo na kusikia mto ukinguruma chini ya miguu yao. Njia ya kushuka ni fupi na mama aliimudu, huku Anko amemshika kiwiko kama anayemshika bibi harusi.

Nilichokiona Tukuyu

Tulilala Tukuyu. Mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na kwa mvua una sifa yake: Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana kila kitu ni kibichi. Chai inaanza pembeni ya nyumba ya mwisho ya mji na kuendelea mpaka macho yanapochoka, katikati kuna migomba, miparachichi na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani.

Jioni hiyo tulikula ndizi za kupikwa na maziwa ya mgando. Baada ya chakula nilitoa kipimo cha presha ninachotembea nacho, zaidi kwa mazoea. Nilimwacha mama atulie dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kilisoma 168 kwa 96. Nilisubiri, nikapima tena. 166 kwa 96.

Kwa asiyejua, presha huhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, tena ikipimwa zaidi ya siku moja. Mama ana presha tangu mwaka 2016 na kwenye daftari lake la kliniki namba huwa nzuri. Nilimuuliza kama kichwa kinauma, kama anaona vizuri, kama kifua kinabana. Alisema hapana, ana usingizi tu.

"Mama, dawa umemeza lini?"

Aliangalia sahani. "Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilianza kusema kwa sauti ile ninayoitumia kwenye makala. Alinyanyua mkono kama alivyokuwa akinyamazisha darasa.

"Unajua kile kidonge cheupe kinafanya nini?"

Nilikijua. Ni dawa inayosaidia mwili kutoa maji na chumvi kwa mkojo, ile ambayo wagonjwa wengi huiita kidonge cha maji. Ni dawa nzuri na ya siku nyingi.

"Basi nikikimeza asubuhi, mpaka saa sita nimekwenda haja ndogo mara nne. Sasa niambie, mwanangu, kwenye basi nakwenda wapi? Konda anasema dakika tano za kuchimba dawa, wanaume wanageukia porini, vijana wanakimbia. Mimi na magoti haya nikimbilie kichaka gani? Siku moja nilimwomba dereva asimame. Alisimama, lakini basi zima lilikuwa linanitazama narudi. Tangu siku hiyo, siku ya safari sinywi maji wala simezi dawa."

"Siku ya safari tu?"

Alifikiri. Mama ni mwalimu, hasemi uongo akiulizwa swali la moja kwa moja. "Na siku ya kanisani, maana ibada ni ndefu. Na siku ya kikoba. Na siku ya msiba, maana choo cha msibani unakijua."

Nilihesabu kimoyomoyo. Jumapili, kikoba kila Alhamisi, na misiba ya mtaani haiishi. Kuna wiki alikuwa anameza dawa siku nne tu. Kabla ya siku ya kliniki alikuwa anameza wiki nzima mfululizo, ili daktari asimgombeze. Ndiyo sababu daftari lake lilikuwa safi.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nikisikiliza pumzi zake kitanda cha pili. Nilikumbuka mara ngapi nimeandika kuwa wagonjwa huacha dawa kwa sababu ya kukosa elimu. Mama yangu alikuwa na elimu yote. Alichokosa ni choo.

Asubuhi ya muuguzi na chai

Asubuhi Anko alitupeleka kwanza kituo cha afya, bila kuuliza maswali. Muuguzi alimpima mama tena, akamsikiliza kwa makini kuliko nilivyomsikiliza mimi usiku. Alimwambia mambo matatu ambayo naomba uyakumbuke, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mwenye presha.

La kwanza, dawa uliyoruka usiifidie kwa kumeza mara mbili. Endelea na dozi yako ya kawaida.

La pili, usijipangie mwenyewe siku za kumeza. Kama dawa inakusumbua, mwambie anayekutibu sababu halisi, hata kama unaona haya. Kuna wagonjwa hubadilishiwa saa ya kumeza, wengine hubadilishiwa dawa kabisa. Lakini daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

La tatu, kutokunywa maji si tiba. Mtu mzima akikauka mwili safarini anaweza kupata kizunguzungu, kuanguka, hata figo zake kuumia.

Nami naongeza la nne. Kukaa kitini muda mrefu bila kujinyoosha nako kuna hatari yake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban mara mbili kwa safari ya kukaa saa nne au zaidi. Hatari yenyewe kwa msafiri mmoja ni ndogo, lakini kwa mtu mzima, mnene, mjamzito au aliyetoka kufanyiwa upasuaji si ya kupuuzwa. Kushuka na kutembea dakika chache ndiyo kinga rahisi.

Mama alimeza dawa zake pale pale mbele ya muuguzi. Tukarudi kwenye gari, na Anko akasema, "Leo hatuna haraka. Kila penye choo kizuri napajua."

Na kweli alipajua. Siku hiyo ya Alhamisi ilikuwa ya kuzunguka karibu karibu. Tulikwenda shule aliyofundisha mama. Ilikuwa imefungwa kwa likizo, mlinzi akatufungulia. Madarasa ni mapya, hakuna aliyemjua, na mti aliokuwa akifundishia watoto kuhesabu umekatwa. Mama alisimama uwanjani akatafuta Mlima Rungwe, ukawa umejificha mawinguni. Tulingoja. Baada ya robo saa wingu likasogea na kilele kikatokea, mita 2,960 hivi, cheusi kwa msitu. "Huyo bado yupo," alisema.

Katika msitu huo wa Rungwe, na upande wa Kitulo, ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu na kumtangazia dunia mwaka 2005. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Anko alisema hilo bila kinyongo: "Walikuja kutuuliza, tukawaonyesha."

Mchana tulikwenda Masoko, kusini mwa Tukuyu, kwenye ziwa jingine dogo la volkano. Juu yake kuna jengo la mawe la Wajerumani ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Wenyeji husimulia kuwa Wajerumani walipozidiwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia walitupa fedha na silaha zao majini. Watoto wawili walikuja kutuuliza kama tumekuja kutafuta dhahabu. Mama aliwajibu kuwa yeye ametafuta choo, na amekipata.

Kushuka mpaka ziwani

Ijumaa tulishuka. Sijawahi kuona barabara inayobadilisha nchi haraka namna ile. Unaondoka Tukuyu umevaa koti, chai pande zote. Unashuka, chai inaisha, inabaki migomba. Unashuka tena, koti linavuliwa, inaanza mikakao na miembe. Ukifika bonde la Kyela uko kwenye mashamba ya mpunga na michikichi, jasho linakutoka, na mchele wake unanukia sokoni kabla hujaupika. Kwa saa chache tu unatoka zaidi ya mita 1,500 hadi chini ya mita 500.

Tuliacha barabara kuu Kikusya tukaelekea Ipinda, kisha Matema. Tulisimama mara tatu. Kila tukisimama mama alishuka, akanyoosha miguu, akanywa maji yake. Mara ya tatu Anko alimtania, "Mama, leo umeongoza kwa kuchimba dawa." Mama akajibu, "Kumeza dawa na kuchimba dawa vinakwenda pamoja, mwanangu."

Kisha, mwisho wa migomba, likatokea ziwa.

Nimeona bahari tangu niende Dar es Salaam, lakini bahari haina ukuta. Pale Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone inasimama moja kwa moja kutoka majini upande wa mashariki, mirefu mpaka kofia inadondoka ukiitazama. Mbele ni maji mpaka upeo wa macho. Ziwa hili lina kina cha mita 700 hivi sehemu za ndani kabisa, na tunalitumia pamoja na Malawi na Msumbiji. Julai upepo wa kusini unavuma, kwa hiyo lina mawimbi kama bahari, na mchanga wake unapiga mguu kwa joto.

Mama alivua viatu. Alitembea mpaka maji yakamfika kwenye vifundo, akasimama. Mimi na Anko tulibaki nyuma.

Niseme hapa kuwa Ziwa Nyasa lina kichocho sehemu mbalimbali, hasa kwenye maji yaliyotuama yenye majani, wanakoishi konokono wanaobeba vimelea. Ulizia wenyeji mahali salama, na ukirudi pima. Na kwa kuwa Kyela ni chini na kuna joto, chandarua ni lazima. Haya niliyajua. Lakini sikumwita mama atoke majini.

Jioni tulikula samaki aitwaye mbasa na wali wa Kyela. Nje giza liliingia na taa za wavuvi zikawaka ziwani moja moja. Ndipo mama aliponiambia kwa nini hakufika hapa mwaka 1979.

Usiku wa kuamkia safari ile ya lori alipata simu ya maandishi, telegramu, kutoka nyumbani: mama mgonjwa, njoo upesi. Alifunga mzigo akaenda Morogoro. Ilimchukua siku mbili. Alimkuta bibi yangu amepooza upande mmoja, hawezi kuongea. Majirani walikuwa wanasema amerogwa. Alikufa baada ya wiki tatu. Mama aliomba uhamisho akabaki kulea wadogo zake, na hakurudi Rungwe tena.

"Baadaye sana ndiyo nilikuja kuelewa kuwa ile ilikuwa presha," alisema. "Nilipoambiwa nami ninayo nilimfikiria yeye."

"Sasa kwa nini mama uliruka dawa, na unajua?"

Alikaa kimya muda mrefu. "Kufa ni siku moja," alisema. "Aibu ya basi ni kila safari."

Sikuwa na makala ya kujibu hilo. Nilimshika mkono tu.

Soko la vyungu

Jumamosi asubuhi tulitembea kwa miguu mpaka Lyulilo, ufukweni hapo hapo, kwenye soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga vijiji vya ng'ambo, kama Ikombe, chini ya milima ambako barabara ni shida, kisha huvileta kwa mitumbwi. Vilikuwa vimepangwa mchangani, vyekundu vyenye mapambo meupe, na wanunuzi walivigonga kwa kidole kusikiliza kama kuna ufa. Mama alinunua viwili. Muuzaji alimfungia kwa majani makavu ya mgomba akamwambia "ndaga fijo," asante sana, na mama akamjibu vizuri.

Kabla hatujaanza kurudi nilimpima. 148 kwa 88. Bado si mahali pazuri, na namba za siku mbili hazimponyi mtu, lakini zilikuwa zinashuka.

Kama unafikiria kumpeleka mzazi safari kama hii, nakuomba mambo machache. Tafuta dereva au mwongozaji mwenyeji na mpatane mapema kuwa mtasimama mara kwa mara. Beba dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini ya basi. Gawanya njia ndefu, lala katikati kama uwezo upo. Na kabla ya yote muulize swali ambalo sikuwahi kumuuliza mama: njiani unapata shida gani?

Sisi tulirudi kwa kulala Iringa. Asubuhi tuliyoondoka Mbeya mama alimeza dawa zake, kwa ushauri aliopewa na muuguzi. Kisha, kabla ya kupanda, alimwendea konda, kijana wa umri wa wajukuu zake, na akamwambia kwa sauti ya kawaida ambayo hata mimi niliisikia:

"Mwanangu, mimi nameza dawa ya presha. Nitahitaji kushuka njiani zaidi ya wengine. Utanisaidia?"

Konda alimwangalia, akachukua mzigo wake wa vyungu. "Shikamoo mama. Kaa kiti cha mbele. Ukitaka kushuka niguse bega."

Alimgusa bega mara mbili kabla ya Iringa. Mara zote mbili basi lilisimama kwenye kituo cha mafuta chenye choo. Mara ya pili wanawake wengine wanne walishuka naye, wawili kati yao ni watu wazima kama yeye. Nilipowaona wanarudi wanaongea na kucheka, nilijiuliza ni wangapi kati yao walikuwa hawajameza dawa asubuhi ile.

Mama alipokaa alifungua chupa ya maji, akanywa nusu yake.